Moto wa jiko la gesi unashika, ukiachia nobu unazima

Hakuna tatizo la majiko ya gesi linaloniletea kazi kama hili. Mtu anabonyeza nobu, cheche zinalia, moto unashika bila shida. Anaachia mkono, moto unakufa kimya kana kwamba umepulizwa. Anarudia mara tatu, mara nne. Mwisho anaamua kupika huku kaikandamiza nobu kwa kidole, au anachomeka kijiti pembeni yake ili ibaki imebonyea. Hicho kijiti nitakirudia baadaye.

Niseme mapema: sensa, kile kifaa cha jiko kinachohisi kama moto unawaka, huhukumiwa kifo kabla ya siku zake. Nyingi ninazoambiwa nibadilishe zimechafuka tu, au zimeshuka zikaukosa moto, au nati imelegea. Nyingine hazina kosa lolote. Moto wenyewe ni dhaifu, na sensa inasema kweli. Kwa hiyo tazama kwanza, safisha, nyoosha, kaza, pima. Dukani uende ukiwa umeshindwa na hayo yote.

Sensa ni ipi, na kazi yake nini

Ondoa sufuria na vyuma vya kuwekea sufuria, kisha inama utazame kichomeo kwa karibu. Pembeni yake vinachomoza vijiti viwili. Kimoja kimevikwa kauri nyeupe, na juu kina ncha nyembamba ya waya. Hicho ni cha cheche, kazi yake kuwasha basi. Cha pili ni chuma kitupu, chembamba kidogo kuliko penseli, na kichwa chake ni cha mviringo. Hicho ndicho sensa ya moto, kwa jina la kifundi themokapo. Nimeshaona watu wakinunua cha kauri wakati kilichosumbua ni cha chuma, kwa hiyo hakikisha unakijua kabla hujatoa hela.

Ndani ya kile chuma zimeungwa metali mbili tofauti. Upande mmoja ukipata moto na wa pili ukabaki baridi, panazaliwa umeme mdogo sana. Mjerumani Thomas Johann Seebeck ndiye aliyelibaini jambo hilo mwaka 1821. Kwenye sensa ya jiko isiyo na kasoro, umeme huo ni kati ya milivolti 15 na 30 hivi, ambazo hazitoshi kuwasha hata taa ya tochi. Unapita kwenye mrija mwembamba wa shaba hadi kwenye vali iliyo nyuma ya nobu, na huko unaishikilia sumaku ndogo.

Zingatia neno kushikilia. Sumaku ile haina nguvu ya kuivuta vali ifunguke. Kidole chako ndicho kinachoisukuma. Sumaku inaidaka na kuizuia isirudi. Ndiyo maana unatakiwa ubonyeze na usubiri kidogo, sensa ipate joto la kutosha kushika zamu ya kidole. Moto ukizimika kwa upepo au maji, ncha inapoa, sumaku inaachia, springi inaifunga gesi, na ukitega sikio utasikia "tak" hafifu. Mlio huo utatufaa mwishoni.

Kabla hujagusa kitu

Funga gesi kwenye mtungi au kwenye koki ya bomba. Chomoa waya wa umeme wa jiko kwenye soketi. Subiri vichomeo vipoe, maana kichwa cha sensa huunguza hata baada ya moto kuzimwa.

Ila kama unanusa gesi kabla hata hujaanza, habari ya sensa iishie hapo. Usiwashe taa wala usiizime, usichomoe waya wowote, usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unafikika, fungua milango na madirisha, toeni watu nje, ndipo uite fundi au zimamoto. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutuama sakafuni na kwenye kabati za chini, hivyo dirisha la juu peke yake halisaidii sana, fungua mlango.

Dalili ya kwanza: kichomeo kimoja tu kinazima ukiachia

Sisitiza hilo neno "kimoja tu". Kama vichomeo vyote vinafanya hivyo, ruka uende dalili ya pili, maana sensa nne hazifi siku moja.

Anza na kidole chako mwenyewe. Watu wengi hubonyeza sekunde moja au mbili, hasa wakiwa wamezoea jiko la zamani lisilo na sensa. Washa, kandamiza nobu hadi mwisho, hesabu polepole hadi kumi, kisha achia. Moto ukibaki, sensa ni nzima au imeanza kuchafuka kidogo. Kwa sensa safi hesabu ya tano mara nyingi inatosha.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Mafuta yaliyoganda chini ya nobu huizuia isizame hadi mwisho. Kidole kinahisi kimebonyeza, kumbe mhimili wa vali umeshuka nusu njia. Vuta nobu itoke. Nyingi hutoka kwa kuvutwa tu kwenda juu. Shika mhimili taratibu kwa koleo, zungusha, washa, bonyeza mhimili wenyewe moja kwa moja. Moto ukibaki baada ya hapo, umepona bila kubadilisha chochote: osha nobu, sugua mafuta yaliyo chini yake, irudishe. Kama plastiki ya ndani imepasuka au imeliwa, badilisha nobu.

Likishindikana hilo, tazama ncha ya sensa. Kinachoizonga ni masizi, mafuta yaliyoungua, na ukoko wa vitu vilivyofurika na kukaukia pale. Ukoko huo ni blanketi: moto upo, ila joto haliingii. Chukua mswaki wa zamani uliokauka, sugua pande zote hadi chini. Kama haujatoka, tumia msasa laini kabisa au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwa mkono mwepesi. Unatoa uchafu, huchongi chuma. Futa kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikitoka cheusi endelea, kikitoka safi acha. Usimwagie sabuni wala maji, kwa sababu kauri ya cheche iko jirani na ikilowa itakuletea ugomvi mwingine.

Wakati mkono uko hapo, inua kofia ya kichomeo. Kofia nyingi zina vipingo vinavyotakiwa kuingia kwenye nafasi zake, na baada ya kuosha vyombo watu huzirudisha zikiwa zimekaa upande. Kofia iliyokaa vizuri haichezi ukiigusa kwa kidole. Iliyoinama huupeleka moto upande mmoja, na mara nyingi upande unaokosa ni ule wa sensa. Angalia pia matundu ya moto yanayoitazama sensa kama yameziba. Yazibue kwa sindano. Kijiti cha meno kinavunjikia ndani, nimetoa vingi. Sindano hiyo hiyo usithubutu kuiingiza kwenye nozeli, ile sehemu ndogo ya shaba ya njano inayotoa gesi chini katikati: tundu lake limepimwa, na likipanuka kidogo tu jiko litavuta gesi kupita kiasi.

Sasa washa ukiwa umebonyeza, punguza mwanga wa chumba, utazame. Moto unatakiwa kukilamba kichwa cha sensa, nusu yake ya juu iwe imezama ndani ya moto. Ukiona ulimi wa moto unapita juu yake au pembeni, sensa imeshuka au imepinda. Hutokea mtu akiisukuma wakati wa kufuta jiko, au klipu inayoishika ikiachia. Zima, acha ipoe, isukume juu kutoka chini hadi ikae kwenye kituo chake, ubane klipu au skrubu. Nimetengeneza majiko mengi kwa kusukuma huku kwa kidole kimoja, na kila mara mwenye jiko huniuliza kama kweli kazi imeisha.

Baada ya hapo ndipo unafungua uso wa jiko. Toa nobu zote, kofia, na skrubu zinazoshika vichomeo, kisha inua uso taratibu maana kuna nyaya za cheche chini yake. Fuata mrija wa sensa kutoka kwenye ncha hadi kwenye vali. Mwisho wake utakuta nati ndogo, au vibanio viwili bapa vya waya, kutegemea jiko. Umeme wa milivolti hauna nguvu ya kupita kwenye kutu wala kwenye kiungo kilicholegea. Legeza nati, futa sehemu zinazogusana kwa kitambaa kikavu, rudisha. Kaza kwa vidole hadi igome, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Anayekaza kama anafunga gurudumu la gari anaiponda pete ndogo ya kuhami iliyoko mwishoni, na sensa nzima inakufa mkononi mwake. Vibanio bapa vikiwa vimelegea, vibane kidogo kwa koleo kabla ya kuvichomeka tena.

Ikifika hapa na moto bado unazima, sensa imechoka au sumaku ya vali imekufa. Maltimita, ile mita ya kupimia umeme, ndiyo itakayoamua.

Kuipima sensa

Weka maltimita kwenye milivolti za DC. Tenganisha sensa na vali. Kama jiko lako linaruhusu kichomeo kuwaka uso ukiwa umefunguliwa na mfumo wa gesi ukiwa umefungwa vizuri, washa huku mtu wa pili akiwa amekandamiza nobu; akiachia moto utazima, kwa kuwa sensa haijaungwa. Kama kichomeo hakikai sawa bila uso, usilazimishe. Toa sensa nje, uipashe moto ncha yake kwa mshumaa au kiberiti cha gesi mbali na jiko.

Ncha moja ya mita iguse kitovu cha mwisho wa mrija, nyingine iguse mwili wake wa shaba. Kwa sensa za vibanio, gusa kila kibanio. Alama ya kutoa ikitokea si kitu, umegeuza nyaya. Namba itapanda polepole. Ipe nusu dakika hadi dakika nzima. Kwenye moto wa jiko, sensa inayopanda hadi milivolti 15 au zaidi ni nzima. Iliyokwama chini ya 8 au 10 imechoka, hata kama leo inafanya kazi. Isiyosogea kabisa imekatika ndani. Mshumaa hautoi joto kama la kichomeo, kwa hiyo namba ndogo ya mshumaa isikupeleke dukani. Linganisha na sensa ya kichomeo jirani kwenye mshumaa ule ule, ndipo utajua ipi imechoka.

Sensa ikipima vizuri na moto bado unazima, tatizo liko kwenye sumaku ndani ya vali. Hapo ndipo mikono ya mtu wa nyumbani inapoishia. Vali ikifunguliwa na kufungwa vibaya inavuja gesi mahali usipopaona. Ita fundi wa gesi.

Dalili ya pili: vichomeo vyote vinazima

Ziache sensa kwa amani. Tafuta kitu kinachogusa vichomeo vyote kwa pamoja, na cha kwanza ni gesi yenyewe. Mtungi unaokaribia kuisha hutoa moto mfupi, mlegevu, usiofika kwenye sensa. Mpira wa gesi uliokunjika nyuma ya jiko hufanya vivyo hivyo. Vuta jiko kidogo utazame. Koki ya mtungi iliyofunguliwa nusu pia.

Kisha regyuleta, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza presha ya gesi. Za majiko ya nyumbani mara nyingi huandikwa juu yake 28, 29, 30 au 37 mbar (kipimo cha presha), kulingana na gesi, na namba hiyo ilingane na iliyo kwenye kibandiko cha jiko. Regyuleta iliyochoka hupunguza moto wa vichomeo vyote, na dalili yake nzuri ni kwamba kichomeo kimoja kinawaka vizuri lakini ukiwasha cha pili vyote viwili vinanywea. Regyuleta haitengenezwi. Hununuliwa mpya, pamoja na mpira kama umekauka au una nyufa. Na ile kubwa ya presha kali yenye mkono wa kuzungusha, inayotumika kwenye majiko makubwa ya nje, isikaribie jiko la nyumbani kabisa.

Dalili ya tatu: unawaka vizuri, unazima baada ya dakika kadhaa

Hii ndiyo inayowachanganya hata mafundi, kwa sababu ukija kuijaribu inawaka.

Uliza kwanza moto ulikuwa mkubwa au mdogo. Kama unazima ukipunguzwa tu, ulimi mdogo haufiki kwenye ncha, au upepo wa dirisha na feni unausukuma kando. Funga dirisha, zima feni, jaribu tena. Safisha matundu na uinue sensa kama nilivyoeleza. Ndani ya vali kuna skrubu ndogo inayopanga kiasi cha moto mdogo. Iache kwa fundi, maana ukiilegeza kupita kiasi moto mdogo unakuwa mkubwa, ukiikaza kupita kiasi unazimika kila mara.

Kama unazima hata moto ukiwa mkubwa, tuhumu viungo. Vyuma vikipata joto hutanuka, na nati iliyoshika kwa bahati huachia. Kaza robo ile ile.

Kisha kuna kisa cha sensa iliyochoka nusu. Kumbuka umeme wake unatokana na tofauti ya joto kati ya ncha na mwisho wa baridi. Jiko likikaa muda mrefu linawaka, sehemu ya chini nayo inapata joto, tofauti inapungua, milivolti zinashuka. Sensa mpya ina akiba ya kuvumilia hilo. Iliyochoka inakata tamaa ikifika dakika ya kumi au ya ishirini. Ukiipima asubuhi jiko likiwa baridi inakudanganya kwamba ni nzima. Ipime jiko likiwa limewaka kwa muda ule ule ambao moto huzima.

Dalili ya nne: oveni

Oveni ina sensa yake, imefichwa chini au nyuma karibu na kichomeo kirefu. Inachukua muda zaidi kupata joto, kwa hiyo kandamiza nobu hadi sekunde 15. Washa mlango ukiwa wazi, uache wazi hadi uachie nobu na uone moto umetulia. Mlango ukifungwa kwa kishindo, hewa yake peke yake inaweza kuuzima. Na ikishindwa kuwaka mara ya kwanza, rudisha nobu kwenye sifuri, acha mlango wazi dakika moja au zaidi gesi itoke, ndipo ujaribu tena. Usijaribu mara tano mfululizo ukiwa umeinama mbele yake. Gesi iliyojaa mle ikishika kwa mara moja, uso ndio utakaolipa.

Tahadhari moja ukiifungua: ndani utakuta mirija miwili ya shaba inayofanana. Mmoja ni wa sensa ya moto. Mwingine unaishia kwenye kitu kama kidole kirefu kilichoning'inizwa ukutani mwa oveni. Huo ni wa kupima joto la oveni, na ndani yake mna kimiminika. Ukiupinda kwa pembe kali au ukiukata, umeongeza tatizo ambalo hukuwa nalo.

Dalili ya tano: masizi yanarudi kila wiki

Umesafisha sensa, jiko limepona, baada ya siku chache limerudia. Tazama rangi ya moto. Wa gesi unatakiwa uwe wa buluu, imara, na ncha za njano kidogo ni jambo la kuvumilika. Ukiwa wa njano, unayumba na unatia weusi kwenye sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha. Safisha kichomeo chote, kikaushe kabisa, hakikisha hakuna maji wala mdudu ndani ya shingo yake. Ukirudi wa njano bado, huenda nozeli hazilingani na gesi unayotumia: nozeli za gesi ya bomba zina matundu makubwa kuliko za gesi ya mtungi. Hilo ni la fundi, na lisisubiri, maana moto wa njano hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Mtu yeyote jikoni akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, zima jiko, tokeni nje.

Cheche zisizolia, au zinazolia zenyewe bila kukoma, hazihusiani na sensa. Ni unyevu, betri, au swichi ndogo iliyo chini ya nobu. Kausha, subiri, jaribu tena.

Neno pia kwa wenye hita za maji za papo kwa papo na mitambo ya gesi ya kupashia nyumba joto. Nyingi zina sensa ya aina nyingine: fimbo moja nyembamba kwenye kauri, inayopitisha mkondo wa maikroampia chache kupitia moto wenyewe. Nayo huchafuka na husafishwa kwa msasa laini, na dalili inafanana, moto unashika kisha unazima baada ya sekunde chache. Ila vipimo vya milivolti nilivyotoa juu haviihusu.

Kubadilisha sensa

Nenda dukani na ya zamani mkononi. Kuna nati za hesi tofauti, kuna vibanio vya upana tofauti, na vichwa virefu na vifupi. Urefu wa mrija uwe sawa au uzidi kidogo; mfupi hautafika, na sensa haiungwi wala haikatwi.

Gesi imefungwa, umeme umechomolewa, jiko limepoa. Piga picha jinsi mrija ulivyopita kabla hujauondoa. Legeza nati ya upande wa vali, kisha klipu ya upande wa kichomeo, ivute nje. Ingiza mpya kwa njia ile ile. Ikunje kwa mviringo mpana, usiivunje kwa pembe. Kipimo changu ni kwamba mkunjo usiwe mkali kuliko unene wa kidole gumba. Mrija uliozidi ufanye duara legevu mbali na kichomeo, usiguse chuma kinachopata moto wala waya wa cheche. Funga klipu kwanza ili kimo cha kichwa kilingane na cha majirani zake, ndipo ukaze nati: vidole, robo mzunguko.

Fungua gesi kabla ya kurudisha uso, nobu zote zikiwa zimefungwa, upake povu zito la sabuni kwenye viungo vya mpira, regyuleta na popote ulipogusa. Mapovu yakikua, panavuja. Funga gesi, rekebisha, paka tena. Kiberiti hakitafuti uvujaji.

Ukiwasha na bado inazima, rudi kwenye kimo cha ncha kabla hujamlaumu muuzaji. Sensa mpya zinazoshindwa, nyingi nimezikuta zimefungwa chini mno, au nati imepondwa. Zikiwa sawa hizo mbili na milivolti zinatosha, ni sumaku ya vali.

Kinyume chake: moto umezimika, gesi haifungi

Hii haina malalamiko mengi kwa sababu haisumbui mtu anapopika. Ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa kile kijiti. Niliwahi kuitwa nyumba moja kwa ajili ya "harufu inayokuja na kuondoka". Jiko lilikuwa na nobu iliyobanwa kwa kipande cha mbao kilichochongwa vizuri kabisa, kimeng'aa kwa kutumika muda mrefu. Maji yalipofurika na kuzima moto, kipande kile kiliendelea kuisukuma vali kama kidole, na gesi iliendelea kutoka hadi mtu apite aisikie. Sensa yenyewe nilipoitazama ilikuwa na ukoko tu. Dakika kumi za mswaki.

Hata bila kijiti, vali yenye mafuta na kutu inaweza kukwama wazi. Ijaribu mara moja moja hivi: washa kichomeo, kiache kiwake dakika mbili. Bila kugusa nobu, funga gesi kwenye mtungi. Moto utafifia na kufa. Sasa kaa kimya, tega sikio karibu na nobu. Ndani ya dakika moja, au moja na nusu kwa jiko zito, unatakiwa kusikia ile "tak". Rudisha nobu kwenye sifuri kabla hujafungua mtungi tena. Fanya hivyo kwa kila kichomeo, na kwa oveni. Palipo kimya, rudia mara ya pili chumba kikiwa kimetulia. Pakiwa kimya tena, kichomeo hicho kisiwashwe hadi fundi abadilishe vali, na mtungi ufungwe kila baada ya kupika.